Soma Neno Kabla ya Tarehe: Maana ya Maandishi ya Muda Kwenye Chakula na Dawa

Kila kopo la maziwa, mfuko wa unga na pakiti ya dawa inayoingia nyumbani kwetu ina tarehe. Tukiikuta imepita, wengi wetu tuna neno moja tu la kusema: kimeekspaya. Neno hilo limeenea kutoka Kariakoo hadi Eastleigh, na tunalitumia kwa mtindi, kwa biskuti, kwa chumvi, kwa matone ya macho na kwa losheni, kama vile tarehe zote zina ujumbe mmoja.

Lebo nyingi madukani kwetu zimeandikwa kwa Kiingereza, na kabla ya tarehe hukaa maneno mafupi yanayotofautiana sana: “use by”, “best before”, “expiry date”, “sell by”, “manufactured”. Moja linahusu usalama wa mlaji. Jingine linahusu ladha na ubora. Jingine ni maelekezo kwa mwenye duka, na jingine linataja tu siku ambayo kitu kilitengenezwa. Anayeyachanganya hupata moja ya hasara mbili: kutupa chakula kizima ambacho familia ingekula, au kumpa mtoto kitu chenye madhara kwa sababu hakinuki vibaya. Hasara ya kwanza ni ya mfuko, ya pili inaweza kuwa ya uhai. Ndiyo maana inafaa kila mnunuzi ajue maneno haya, hata kama Kiingereza si lugha anayoitumia.

“Use by” na “expiry date”: usalama

“Use by” ni agizo: tumia kufikia siku hii, isipite. Huandikwa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi na ambavyo vinaweza kumdhuru mlaji kabla hajaona dalili yoyote, kama vile nyama na samaki wabichi waliofungashwa, nyama zilizopikwa tayari na saladi zilizokatwa. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 1169 ya mwaka 2011 inahesabu chakula kilichopita tarehe ya “use by” kuwa si salama. Uingereza nayo inakataza kukiuza, hata kwa bei ya punguzo.

Kwetu Afrika Mashariki neno linaloonekana zaidi ni “expiry date”, mara nyingi kwa kifupi EXP. Tume ya Codex Alimentarius, inayoandaa viwango vya kimataifa vya chakula chini ya mashirika ya FAO na WHO, ilirekebisha kiwango chake cha lebo mwaka 2018 na kuyaweka maneno hayo mawili katika fungu moja: tarehe hiyo ikishapita, chakula hakipaswi kuuzwa wala kuliwa. Kwa hiyo ukikuta EXP kwenye chakula, ichukulie kwa uzito uleule wa “use by”.

Watu wengi huamini kwamba pua itawaambia. Lakini bakteria wanaochachisha maziwa na kuipa nyama harufu mbaya si lazima wawe ndio wanaoua. Listeria, kwa mfano, huweza kukua hata ndani ya friji, na chakula kikabaki na harufu, rangi na ladha ya kawaida. Afrika Kusini iliona uzito wa jambo hili katika mlipuko wa mwaka 2017 na 2018, uliotokana na poloni, aina ya nyama iliyosindikwa ambayo huliwa bila kupikwa tena. Maabara zilithibitisha wagonjwa 1,060, na watu 216 walipoteza maisha, wakiwemo watoto wachanga wengi. Chanzo kilikuwa kiwandani, wala hakikuhusu tarehe, lakini mlipuko huo unatuonyesha kwamba kunusa na kuonja si kipimo cha usalama. Wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu ndio wanaoumia zaidi, na kwao tarehe ya “use by” isivukwe hata kwa siku moja.

Kama unaona hutakiwahi chakula chenye “use by”, kigandishe kwenye friza kabla ya siku hiyo kupita, mradi lebo haikatazi. Ukikitoa, kiyeyushie ndani ya friji na ukipike ndani ya saa 24. Kukigandisha baada ya tarehe kupita hakukirudishii usalama, kwa sababu baridi huwasimamisha bakteria bila kuwaua wote.

“Best before”: ubora

“Best before” maana yake ni kwamba chakula kina ubora wake kamili kabla ya siku hiyo. Mtengenezaji anaahidi ladha, harufu, rangi na ugumu au ulaini unaotakiwa. Siku ikipita, ahadi hiyo inakoma, lakini chakula hakigeuki kuwa sumu usiku ule. Biskuti inaweza kulainika, chai ikapungua harufu, chokoleti ikawa na utando mweupe. Utaikuta alama hii kwenye tambi, mchele, kahawa, vyakula vya makopo na vingine vikavu. Mara nyingine hufupishwa BB au BBE. Hii ya pili ina neno “end”, yaani mwisho wa mwezi au mwaka uliotajwa.

Wenzetu walioko Kongo, Burundi na Rwanda hukutana na tofauti hiyohiyo kwa Kifaransa. “À consommer jusqu'au” ni ya usalama, na “à consommer de préférence avant” ni ya ubora. Neno “préférence” ndilo la kulitafuta. Ukiliona, lebo inakupa ushauri. Usipoliona, inakupa mpaka.

Kuchanganya maneno haya kunagharimu sana. Utafiti wa Tume ya Ulaya uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba hadi 10% ya tani milioni 88 za chakula zilizokuwa zikitupwa kila mwaka katika Umoja wa Ulaya zilihusiana na alama za tarehe. Ndiyo sababu maduka makubwa ya Uingereza yalianza kuondoa “best before” kwenye matunda na mboga: Tesco mwaka 2018, na Waitrose mwaka 2022. Nyanya inajieleza yenyewe kwa mtu anayeitazama.

Chakula kilichopita “best before” kitazame, kinuse, kisha onja kidogo. Yapo mambo manne yanayokitoa mezani bila mjadala. Kopo lililovimba, linalovuja au lenye kutu iliyopenya, litupe bila kuonja, kwa sababu sumu ya botulini huua kwa kiasi kidogo mno. Unga, mahindi au karanga zenye ukungu usizipepete ukidhani zimesafika. Mafuta na korosho zenye harufu kali ya kuharibika ziache. Na pakiti iliyotobolewa na panya au wadudu haina tena thamani ya tarehe yake.

Kumbuka pia kwamba ubora unaopungua unaweza kuwa ni lishe. Chumvi yenye madini joto hupoteza madini hayo kadiri inavyokaa, hasa ikiwa wazi au kwenye unyevu, ingawa chumvi yenyewe haiozi. Kwa familia inayotegemea chumvi hiyo kuwakinga watoto na upungufu wa madini joto, chumvi ya siku nyingi inaweza kuwa na ladha ileile na isiwe na kinga ileile.

Kwa wafanyabiashara, neno la tahadhari. Uingereza inaruhusu kuuza chakula kilichopita “best before” maadamu bado ni salama. Usichukulie kwamba ruhusa hiyo ipo katika nchi yako. Muulize mkaguzi au shirika la viwango kabla ya kuweka bidhaa ya aina hiyo rafuni.

“Sell by”, “display until” na “MFG”: tarehe zisizomlenga mlaji

“Sell by” na “display until” zinazungumza na mwenye duka. Zinamwambia lini aondoe bidhaa rafuni ili mnunuzi abaki na siku za kutosha za kuitumia nyumbani. Mlaji akizisoma kama mwisho wa uhai wa chakula, anatupa kitu ambacho kilikusudiwa kuliwa baadaye.

Marekani ndiko mkanganyiko umekuwa mkubwa zaidi, na Waswahili wanaohamia huko wanapaswa kuujua. Sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe kwenye chakula isipokuwa maziwa ya unga ya watoto wachanga, ambayo lazima yawe na “use by”. Kwa vyakula vingine vingi watengenezaji wamekuwa wakichagua maneno yao wenyewe, na hata “use by” ya huko mara nyingi imekuwa ikizungumzia ubora. California ilipitisha sheria mwaka 2024 ili kuweka utaratibu: kuanzia tarehe 1 Julai 2026, “best if used by” ni ya ubora, “use by” ni ya usalama, na “sell by” inayosomeka na mnunuzi inapigwa marufuku. Ila maziwa ya watoto wachanga, popote ulipo, yasitumike baada ya tarehe yake. Virutubisho hupungua, na mtoto wa umri huo huenda hana chakula kingine cha kufidia.

MFG, MFD au PROD ni siku ya kutengenezwa. “Packed on” ni siku ya kufungashwa. Hizi huwapotosha wanunuzi kila siku, kwa sababu mtu anaona tarehe iliyopita anadhani bidhaa imeharibika, au anaona tarehe ya karibuni anadhani ndiyo mwisho wake. Namba inayofuata neno “batch” au “lot” ni ya toleo, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa kwa pamoja. Bidhaa mbovu inaporudishwa kutoka sokoni, mamlaka hutangaza namba ya toleo, kwa hiyo usitupe boksi la dawa au kopo la maziwa ya mtoto kabla hujamaliza kilichomo.

Tarehe yenyewe inasomwaje?

Ukishalielewa neno, bado kuna mtego kwenye tarakimu. 04/07/26 kwa Tanzania, Kenya na Uingereza ni tarehe 4 Julai 2026. Kwa Marekani ni tarehe 7 Aprili. Nchi nyingine, kama China na Japani, huanza na mwaka. Kanada pia huanza na mwaka kwenye vyakula, na kuandika mwezi kwa herufi mbili, kwa mfano JA kwa Januari na JN kwa Juni. Ukiwa na shaka, linganisha tarehe ya mwisho na ile ya kutengenezwa. Tarakimu yoyote inayozidi 12 haiwezi kuwa mwezi, na ukishajua siku imekaa wapi katika tarehe moja, utajua imekaa wapi katika nyingine.

Pale ambapo kuna mwezi na mwaka tu, EXP 08/2027 humaanisha hadi siku ya mwisho ya Agosti 2027. Kwa dawa zinazotolewa Uingereza kuna tofauti ndogo yenye uzito: zikiandikwa “use by” au “use before” pamoja na mwezi, mwisho wake ni siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. “Use before 08/2027” inaishia tarehe 31 Julai.

Dawa hazina “best before”

Kwenye dawa, EXP inahusu nguvu na usalama kwa pamoja. Mtengenezaji amepima na kuthibitisha kwamba hadi siku hiyo, dawa ikihifadhiwa kama ilivyoelekezwa, ina kiasi cha kiungo kinachotibu kilichoandikwa. Baada ya hapo hakuna anayekudhaminia. Antibiotiki iliyopungua nguvu inaweza kuwaacha hai bakteria waliokusudiwa kufa, na hao huchangia usugu wa dawa. Dawa mseto ya malaria iliyopungua nguvu inaweza kumwacha mtoto na vimelea mwilini huku mzazi akidhani ametibiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba EXP kwenye dawa nyingi ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Ukishaifungua au kuichanganya, hesabu mpya huanza. Dawa ya unga ya watoto inayochanganywa na maji, kama amoksisilini, hudumu siku 7 hadi 14 tu kulingana na maelekezo yake, hata kama chupa inaonyesha mwaka ujao. Matone ya macho mengi hutupwa baada ya wiki 4 tangu kufunguliwa, kwa sababu ncha ya chupa huingiza vijidudu. Insulini inayotumika nje ya friji, kwa aina nyingi, nayo huwa na takriban wiki 4. Andika kwa kalamu siku uliyofungua, juu ya chupa yenyewe.

Unapopewa vidonge vilivyohesabiwa kwenye kibahasha, au pakiti iliyokatwa na ukapewa kipande kisicho na tarehe, mwombe mfamasia au muuzaji wa duka la dawa muhimu akuonyeshe boksi na akuandikie jina la dawa na tarehe ya mwisho. Hiyo ni haki yako, na mtoa dawa mzuri hataichukulia kama dharau.

Dawa zilizopita muda usizimwage chooni wala jalalani ambako watoto huokota. Ziulizie kwenye duka la dawa au kituo cha afya, wakuelekeze zinavyoteketezwa. Wala usimgawie jirani kwa huruma: dawa isiyokufaa wewe haimfai yeye.

Vipodozi

Kwenye losheni na krimu tafuta mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa kifuniko, wenye namba kama 6M au 12M. Unamaanisha miezi 6 au 12 tangu kufunguliwa. Losheni ya kuzuia jua ihesabiwe kama dawa, kwa sababu ikipita muda hupungua kinga, na kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga hiyo ndiyo inayowaepusha na saratani ya ngozi.

Tarehe inategemea hifadhi

Tarehe zote hizi zina sharti moja lililoandikwa kando kwa herufi ndogo. “Keep refrigerated” ni weka kwenye friji, nayo iwe na baridi ya nyuzi 5 au chini yake. “Store below 30°C” ni weka mahali pasipozidi nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Mombasa au Dar es Salaam, au juu ya kabati karibu na jiko, joto hupita hapo kirahisi. “Once opened, consume within 3 days” ni tumia ndani ya siku 3 baada ya kufungua. Maziwa ya boksi yanayokaa miezi rafuni huwa na sharti la namna hii mara kifuniko kinapofunguliwa. Umeme ukikatika kutwa nzima na friji ikapata joto, tarehe iliyo kwenye kuku uliyemnunua haina maana tena.

Mashariki ya Kenya mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa kwenye unyevu yaliota ukungu unaotoa sumukuvu. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Hakuna tarehe ambayo ingewaokoa, kwa kuwa kilichoharibika ni hifadhi. Nafaka iliyokauka vizuri, kwenye mfuko mkavu ulioinuliwa kutoka sakafuni, ndiyo inayostahili kuaminiwa.

Ukiwa dukani na nyumbani

Kabla ya kulipa, na ukifika nyumbani, fanya mambo haya:

- Tafuta neno, kisha tarehe. Kama neno ni “use by” au EXP na siku imepita, rudisha rafuni na umwambie muuzaji.
- Kama bidhaa ina ofa kubwa, jiulize utaimaliza lini. Punguzo la tambi zenye “best before” ya mwezi huu ni faida. Punguzo la samaki mwenye “use by” ya leo lina faida tu ukimpika au kumgandisha leo.
- Pitisha kidole juu ya tarehe. Wino unaofutika, stika iliyobandikwa juu ya stika nyingine, au tarehe ya chupa isiyolingana na ya boksi ni dalili kwamba mtu ameichezea.
- Bidhaa isiyo na tarehe kabisa, ambayo kwa kawaida huwa nayo, usiichukue.
- Nyumbani, kinachoisha mapema kiweke mbele, kipya kiende nyuma. Mwenye duka naye afuate utaratibu huo kwenye rafu.

Ukigundua duka linauza bidhaa iliyokwisha muda au iliyobadilishwa tarehe, hifadhi bidhaa, lebo na risiti, kisha toa taarifa. Tanzania Bara, chakula na vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, na dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa. Kenya ni shirika la viwango, KEBS, kwa bidhaa na Bodi ya Famasia na Sumu kwa dawa. Uganda ni shirika la viwango, UNBS, na mamlaka ya dawa, NDA. Taja jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe iliyoandikwa na mahali ulipoinunua. Namba ya toleo ndiyo itakayomwezesha mkaguzi kuifuata bidhaa hiyo katika maduka mengine kabla haijafika kwa mnunuzi asiyejua kusoma lebo.